Mlima Unaposhuka: Habari za Maporomoko, Kutoka Mgeta Hadi Hanang

Wengi wetu tuliopita katika shule hii tuliyajua maporomoko ya theluji kwa njia ya mtihani. Palikuwa na swali la jiografia ambalo halikukosa kurudi, nasi tulilijibu kama tulivyoandikiwa ubaoni: theluji hulundikana tabaka juu ya tabaka katika milima ya Alps, majira ya kuchipua yakifika jua huiyeyusha ya juu, maji hupenya chini, tabaka moja likateleza juu ya jingine, na ubavu mzima wa mlima ukashuka bondeni kufunika njia, mifugo na vijiji. Tukapata alama zetu, tukaendelea na swali la pamba ya Misri. Hakuna aliyetudokeza kwamba jambo hilo lina ndugu yake wa damu hapa kwetu, tena kwamba miezi ile ile ya Machi, Aprili na Mei ambayo Mzungu huiogopa kwa theluji yake inayolegea, ndiyo ambayo sisi tungepaswa kuitazama milima yetu kwa jicho la pili, maana ndiyo masika.

Mhariri aliniomba niandike habari za kihistoria zitakazowafaa wakubwa na wadogo. Nimechagua hizi kwa sababu ya mabishano ambayo wengi wenu mmekwisha kuyasikia. Klabu ya Jiografia imeomba ruhusa ya kupanda mlima Hanang kama sisi tulivyokuwa tukifanya zamani. Baadhi ya wazazi wamekataa kabisa. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akauliza: mlima ule umeua watu 89, ninyi mnawapeleka watoto wetu huko kufanya nini? Swali hilo ni zito wala si la kudharauliwa. Lakini nathubutu kusema kwamba halijibiki kwa ndiyo au hapana mpaka kwanza tujue milima ya nchi hii imekuwa ikifanya nini, na nani aliyekuwa akiiandika habari zake.

Nianze na mtu mmoja, Msweden, jina lake Anders Rapp. Katika miaka ya 1950 mtaalamu huyu alikuwa akizunguka katika bonde liitwalo Kärkevagge, kaskazini kabisa ya Sweden, nchi ya baridi na theluji. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupima jinsi milima inavyoshuka. Alipima mawe yanayodondoka, theluji inayoporomoka na kuchukua udongo, na maji yanayochukua kilichobaki. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1960 na hata leo wanajiografia wanautaja kwa heshima. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Rapp akaja Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala vilikuwa vimeungana kuchunguza mmomonyoko wa udongo nchini, na yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo pamoja na Paul Temple na Len Berry. Basi mtu aliyejifunza kuusoma mlima kwenye theluji akajikuta kwenye mashamba ya mboga ya Waluguru.

Alijikuta huko kwa wakati wake. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha juu ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kwa muda usiozidi saa 3 ilishuka mvua ya milimita 100 na kidogo. Kwa mtu wa Babati hiyo si mvua ya kusimulia wajukuu. Tumepata kuona nyingine kubwa kuliko hiyo. Lakini ilikuta miteremko mikali yenye udongo mwepesi juu ya mwamba, na miteremko ile ikafunguka. Temple na Rapp walipokwenda kuhesabu katika eneo walilolichagua walipata maporomoko zaidi ya 800. Moja moja hayakuwa makubwa: kina cha mita 1 hivi au 1 na nusu, upana wa chumba au wa nyumba. Ila kila moja liligeuka tope, tope likaingia kijitoni, vijito vikakutana mtoni, na huko chini kilichofika hakikuwa tena maji bali kitu kizito kama uji wa mawe.

Wataalamu hao wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo la maana kuliko yote. Waliangalia kila poromoko lilianzia wapi. Karibu nusu yalianzia katika mashamba yaliyolimwa, na karibu nusu nyingine katika nyasi na mashamba yaliyoachwa. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata 1 katika kila 100. Sababu yake ni rahisi: mizizi ya miti hupita chini ya ule utando unaoteleza na kuupigilia misumari kwenye mwamba. Majani ya mahindi na maharage hayana misumari ya namna hiyo.

Sina budi kuongeza jambo moja hapa, maana mtu anaweza kusema wakulima wa Mgeta walijitakia. Miaka 15 kabla ya mvua ile, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 watu wakakataa, fujo zikatokea Matombo, na mpango wote ukafa. Vitabu vya Wazungu vya wakati ule viliwaita wakaidi. Lakini ukweli ni kwamba kwenye udongo mwembamba kama ule, kuchimba ngazi mara nyingi huzika udongo mzuri na kuleta juu ule usiozaa, na ngazi iliyojaa maji huweza yenyewe kuwa mwanzo wa poromoko. Mkulima alikuwa na hoja, ila hakuulizwa. Tukumbuke hilo kila tunapomwandikia mwanakijiji amri ya namna ya kuishi na mlima wake.

Ripoti ya Mgeta ilichapishwa mwaka 1972, kwa Kiingereza, katika jarida la Sweden. Niliisoma nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, katika chumba cha maktaba ambacho hakikuwa na mtu mwingine ila mimi na feni. Ni kazi safi sana. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi tangu wakati huo, nimekaa katika mikutano mingi ya mipango ya ardhi, na sijapata kumsikia mtu hata mmoja akiitaja.

Kama mnadhani Mgeta ni jambo la peke yake, tazameni mlima Meru siku mkienda Arusha. Mkiutazama kwa upande wa Momella mtaona kwamba umepasuka, kama chungu kilichovunjika ubavu mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule wa mashariki ulianguka wote kwa mpigo mmoja. Vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa huko chini, na mashimo ambamo leo yamo maziwa ya Momella wanakokunywa nyati na korongo, ni mabonge ya mlima ule ule ulioporomoka. Watalii hupiga picha na kusema ni pazuri. Ni pazuri kweli.

Na Kilimanjaro, ambako theluji na barafu vipo? Huko poromoko tunalolijua zaidi ni la mawe. Barafu ya Kibo inazidi kupungua. Tangu vipimo vya mwaka 1912 mpaka vya 2007 sehemu kubwa kupita 80 katika kila 100 ilikwisha kupotea. Sasa, barafu milimani si pambo. Hushika mawe kama saruji inavyoshika tofali. Ikirudi nyuma, mawe yaliyokuwa yameshikwa kwa karne nyingi hubaki yamekaa tu. Tarehe 4 Januari 2006 mawe ya namna hiyo yaliteremka katika njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakawaua Wamarekani 3 na kuwajeruhi watu wengine. Njia ikafungwa kwa muda, ikachunguzwa, kisha ikafunguliwa kwa masharti. Waongozaji wanaoipita njia hiyo huwaamsha wageni usiku wa manane ili sehemu ya hatari iwe nyuma yao kabla jua halijaigusa, kwa kuwa baridi ya usiku hufunga na jua hufungua. Hiyo ndiyo kanuni ile ile ya wapanda milima wa Alps wakati wa kuchipua: tembea alfajiri theluji ikiwa imeganda, na saa za mchana uwe umekwisha kutoka. Mpagazi wa Marangu na mpagazi wa Uswisi hawajapata kuonana, nao wamefikia neno moja.

Baada ya hapo orodha inakuwa ndefu, nami nitaipita upesi. Novemba 2009, Mamba Miamba katika wilaya ya Same: mlima ulishuka juu ya nyumba usiku, watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Machi 2010, Nametsi katika wilaya ya Bududa, Uganda, kwenye miteremko ya Elgon: soko na zahanati vilifunikwa, miili zaidi ya 80 ilipatikana na watu wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Novemba 2019, Pokot Magharibi nchini Kenya. Kila mara magazeti yaliandika kwamba ni msiba usiotarajiwa. Ukiyaweka magazeti hayo pamoja juu ya meza moja neno hilo linaanza kukuchosha.

Sasa nije nyumbani.

Hanang ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa mita 3,420 hivi, na imesimama peke yake katika nchi tambarare kiasi kwamba kutoka mbali sana msafiri wa Singida huiona kama jahazi lililotia nanga. Kutoka hapa Babati mpaka Katesh iliyo miguuni pake ni kama kilomita 75. Wabarabaig, Wairaqw na Wanyaturu wamekaa kuuzunguka tangu zamani, na kwa Wabarabaig ni mlima wa ibada. Mlima huo huvuta mawingu na kuyakamua. Ndiyo maana chini yake pana maji, malisho na udongo mweusi. Hakuna fumbo katika swali la kwa nini watu wamejenga pale. Hata mimi ningejenga.

Vuli ya mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba kungekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tangazo lilikuwa sahihi. Mvua zikaja, zikalowesha mlima wiki baada ya wiki. Kisha usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 3 Desemba mvua kubwa ikanyesha juu ya mlima uliokwisha kushiba. Alfajiri, watu wakiwa bado ndani, sehemu za ubavu wa juu zikaachia. Udongo, maji, mawe na magogo vikafuata makorongo yanayoteremka upande wa Jorodom na Gendabi, vikazidi kukusanya kila kilichokuwa njiani, vikaingia mjini Katesh na vijijini. Waliokufa walihesabiwa 89, waliojeruhiwa walipita 100. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari akarudi, na tarehe 7 alikuwa Katesh. Jeshi lilifukua, madarasa yakawa kambi, na baadaye nyumba zaidi ya 100 zikajengwa Wareti kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Ofisi yangu ilinituma huko siku chache baada ya tukio pamoja na watumishi wengine, kusaidia kuandikisha kaya. Sitasimulia niliyoyaona, wenye habari hizo ni waliofiwa, na baadhi yao wanasoma gazeti hili. Nitasema jambo moja tu la kijiografia. Palikuwa na mawe barabarani makubwa kuliko gari dogo. Nyuma ya uwanja mmoja, ambako tope halikufika, niliyaona mawe mengine ya ukubwa ule ule, yameota ukungu na magugu, yamezama nusu ardhini, na mtu amekwisha kuanika nguo juu yake miaka na miaka. Hayo nayo hayakuota pale. Hakuna kijito cha kawaida kinachoweza kubeba jiwe kama hilo. Yaliletwa na kitu kilichofanana na cha tarehe 3 Desemba, katika siku ambayo haikuandikwa na mtu.

Wanajiolojia wa serikali walieleza baada ya kuchunguza kwamba haikuwa volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, uzito ukazidi, ikakatika. Ilihitajika kusemwa hivyo, kwa sababu uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba mlima umeamka. Na hapo kuna somo la kumsahihisha yule anayedhani Mgeta ilikwisha kutupa jibu lote. Mgeta iliwafundisha wataalamu kwamba msitu hushika udongo mwembamba. Lakini Hanang ni hifadhi ya msitu, na makovu marefu yaliyoonekana katika picha za setilaiti yalianzia juu katika mlima uliohifadhiwa. Mizizi ya mti hushika mita moja, mbili, tatu. Mwamba uliooza ukiachia kutoka chini ya mizizi hiyo, mti nao unakuwa rungu la kuvunjia nyumba. Tuupande msitu, tuulinde, ila tusimwahidi mtu kwamba msitu peke yake utamlinda aliyejenga ndani ya mkondo wa korongo.

Kiini cha maneno yangu ni hiki. Tangazo la mvua lilikuwepo. Elimu ya maporomoko ilikuwepo tangu 1972. Mawe ya zamani yalikuwepo, yameanikiwa nguo. Kilichokosekana ni kitu cha kati: mtu wa kuunganisha tangazo la mvua na korongo fulani, lenye jina, linalopita nyuma ya nyumba fulani. Waswisi walikuwa katika hali kama yetu. Majira ya baridi ya 1950 na 1951 maporomoko ya theluji yaliwaua watu 98 nchini kwao. Walikuwa na wataalamu tayari, na taarifa za hatari ya theluji zilikuwa zikitolewa. Lakini baada ya msiba ule wakaanza kuchora ramani za vijiji vyao, kila mteremko na kila mkondo, na kuweka rangi nyekundu mahali pasipojengwa. Majira ya baridi ya 1999 yaliwaletea tena theluji ya kutisha, wakati ambapo watu milimani walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Safari hiyo walikufa watu 17. Mlima haukupungua ukali. Nami sioni kwa nini karatasi yenye makorongo na rangi nyekundu iwe jambo la nchi tajiri. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutembea kwa miguu na kuwauliza wazee.

Sisi wa Babati tusijione tumekaa salama. Kwaraha hii inayotutazama madirishani ina mita zaidi ya 2,400. Upande wa pili tuna ziwa ambalo halina mto wa kudumu wa kulitoa maji, nalo lilifurika mwaka 1964, tena 1979, tena 1990. Waliosoma miaka ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 wanakumbuka barabara zilivyokatika. Na kwa upande wa heri, wilaya yetu ina jina katika vitabu vya misitu duniani: ni hapa, katika msitu wa Duru-Haitemba, ambapo katikati ya miaka ya 1990 serikali iliacha mpango wa kuuhodhi msitu ikawaachia wanavijiji wenyewe waulinde, na msitu ukapona. Watu waliulizwa, tofauti na Uluguru ya 1955. Kama tuliweza kuhesabu miti namna hiyo tunaweza kuhesabu na makorongo.

Basi narudi kwa mzee wetu na swali lake, na kwa ninyi wadogo zetu mnaotaka kupanda. Mimi nasema pandeni. Kijana asiyeujua mlima kwa miguu yake hataweza kumwambia mama yake korongo lipi la kuogopa. Lakini pandeni kwa adabu, na adabu yenyewe ni hii niliyoiokota kwa Msweden, kwa wapagazi na kwa watu wa Jorodom.

Msiende wakati wa mvua, wala wakati mvua imekatika jana. Udongo hushika maji siku nyingi baada ya anga kuwa nyeupe. Aliyedanganywa na jua la siku moja ni kama aliyeonja chai kwa kutazama kikombe. Kati ya Juni na Oktoba ndio wakati. Mwombe kibali cha wahifadhi wa misitu na mchukue mwongozaji wa pale pale, siyo wa kujiokotea stendi, kwa sababu wa pale pale anajua kijito kilikuwa na rangi gani juzi. Muanze alfajiri, maana mawingu ya mlima hupenda kukusanyika mchana.

Njia ifuate mgongo wa mlima kila inapowezekana, si tumbo la korongo, ijapokuwa korongoni ndiko kwenye kivuli na maji. Penye kulazimika kuvuka korongo, mvuke mmoja mmoja, upesi, wengine wakisimama pa juu na kutazama upande wa kileleni. Wanaovuka miteremko ya theluji hufanya hivyo hivyo, ili poromoko likija lisikute darasa zima mahali pamoja. Hapo si pahali pa kupigia picha. Msipike humo wala msilale humo, na hasa msilale pale korongo linapofunguka kuingia tambarare, mahali ambapo pana mchanga laini na panaonekana kama pametandikwa kwa ajili ya hema. Pametandikwa, kweli, na aliyepatandika anaweza kurudi.

Kisha kuna dalili. Kijito kilichokuwa cheupe kikawa cha tope ghafula. Au, na hii ndiyo wengi hawaijui, kijito kikipungua ghafula ilhali mvua inanyesha: maana yake kimezibwa huko juu, na kizuizi hicho hakitadumu. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama upande mmoja, chemchemi inayotoka mahali ambapo haikuwapo. Mwisho kabisa ni mngurumo, watu husema kama wa malori mengi yakipanda mlima. Ukiusikia huna muda wa kuuliza ni nini. Usikimbie kuteremka, kwa kuwa tope lina miguu kuliko wewe. Kimbia kwa ubavu, upande, ukipanda ukingo wa korongo, na mkoba uache.

Aprili 2024 mlima Kawetere kule Mbeya uliporomoka juu ya mtaa wa Itezi, ukafunika nyumba 20 hivi na majengo ya shule. Hakuna mtu aliyepoteza maisha. Naitaja kwa sababu habari kama hiyo husahaulika upesi kuliko ya msiba, na hali inastahili kusomwa kwa makini zaidi.

Nimemwambia mwalimu wa jiografia kwamba kabla ya Hanang vijana wafanye kwanza Kwaraha, kwa daftari: kila korongo linaloshukia mjini waliandike jina lake, wapime upana wake kwa hatua, waangalie kama kuna mawe makubwa mdomoni, na wamtafute mzee mmoja aliyekaa karibu nalo tangu kabla ya 1964. Kipima mvua cha shule, kile kilichokuwa nyuma ya maabara, kimepatikana stoo. Kinahitaji chupa mpya tu, nami nimeahidi kuileta. Masomo yake yaandikwe kila asubuhi saa 3, hata siku za Jumapili. Safari ya Hanang imependekezwa iwe Agosti. Wazee wa shule wanaotaka kwenda nao watume majina mapema, na wajue kwamba mwongozaji akisema turudi, tutarudi, hata kama aliyetuchangia nauli ni mkurugenzi.